Bao la Kupewa

Nchi ya Neemani haina theluji, haina baridi, na miezi mingi haina maji. Ina jua. Jua hilo likishatua, joto lake hubaki kwenye kuta za nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa hiyo kila mwananchi mwenye akili timamu alielewa mara moja pale serikali ilipotangaza kwamba mchezo wa taifa, kuanzia sasa, ni hoki ya barafuni.

Mambo yalianza hivi. Mtukufu Rais alikuwa ziarani katika nchi za baridi. Wenyeji wake wakampeleka kutazama watu waliovaa viatu vyenye visu chini, wakiteleza juu ya barafu na kugombania kisahani cheusi kwa magongo. Anayekiingiza kisahani kwenye wavu wa wenzake anakumbatiwa na kila mtu. Mtukufu akavutiwa na kule kukumbatiwa. Akamwegemea Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Gulamu Pazia, akamnong'oneza, "Hii sisi tunayo?"

Mheshimiwa Pazia, ambaye tangu aapishwe hajawahi kumjibu Mtukufu "hapana", akasema, "Tunayo, Mtukufu. Iko katika hatua za mwisho."

Ndege ilipotua nyumbani, hatua za mwanzo zikaanza.

Uwanja ukajengwa mtaa wa Vichochoroni. Mitambo ya kugandisha maji ikameza umeme wa mtaa mzima, na wakazi wakaombwa kukaa gizani kwa uzalendo. Miongoni mwao alikuwa Zawena, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju kutoka kwenye friji lililokaa sebuleni kwake. Umeme wa kugandisha ukwaju ukaenda kugandisha uwanja. Na kwa kuwa mumewe, Ndaro Kisuda, ndiye aliyeteuliwa nahodha wa timu ya taifa, Zawena hakuweza kulalamika hadharani. Alilalamikia jikoni.

Ndaro alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu mrefu, mpole, mwepesi wa kuona haya. Siku ya majaribio ndiye pekee aliyeweza kusimama na vile viatu vya visu bila kushika ukuta, na hilo likatosha. Lakini mtu asidhani aliingia kwenye timu kwa mzaha. Aliupenda mchezo ule kwa moyo wake wote, kama mtu anavyoweza kumpenda mchumba asiyemtaka.

Golikipa alikuwa Bwire. Huyu alikuwa bawabu wa wizara, na tangazo la uteuzi lilieleza kwamba ana uzoefu mkubwa wa kulinda mlango. Ni kweli, lakini kuna jambo wateuzi hawakulifikiria. Miaka yote ile pale wizarani, Bwire alikuwa amejifunza kwamba akija mtu kwa kasi, kifua mbele, haulizwi anakwenda wapi. Anafunguliwa.

Kocha akawa Kanali mstaafu Fidelis Machupa. Sifa zake zilisomwa redioni. Aliwahi kuwa meneja wa ghala la baridi la taifa, lile la kuhifadhia samaki, mpaka siku samaki walipohifadhika kupita kiasi na nusu ya mji ikahama kwa sababu ya harufu. "Hakuna mwananchi," alisema Mheshimiwa Pazia, "aliyekaa karibu na barafu kwa muda mrefu kuliko Kanali." Hata hilo lilikuwa kweli. Alikaa karibu nayo. Ndani hakuwahi kuingia, maana ana mafua ya kudumu.

Siku ya kwanza ya mazoezi timu ilifika imevaa, ikamkuta Kanali amesimama mlangoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Mazoezini, Kanali," akasema Ndaro.

"Kwenye barafu?"

"Ndiyo, Kanali."

"Barafu ya serikali si ya kuchezea."

Wakapelekwa kwenye stoo ya nyuma, yenye sakafu ya saruji. Sakafu ikamwagiwa maji ya sabuni, wachezaji wakavua viatu wakabaki na soksi. Kanali akaketi kwenye kiti cha sofa chini ya feni, akatoa mbinu. "Shambulieni huku mkijilinda," alisema. "Jilindeni huku mkishambulia. Na hapo katikati, nidhamu!" Wachezaji wakateleza na kuangukiana mpaka povu likawaingia puani.

Ndaro akanyoosha mkono. "Samahani, Kanali. Tutajifunza lini kukimbia na vile viatu vyenyewe?"

"Nahodha, ulianza kuvaa viatu ukiwa na umri gani?"

"Nilipoanza shule, Kanali."

"Basi una uzoefu. Endelea."

Mechi ya kwanza, walianguka wakati wa wimbo wa taifa. Kwa kuwa si heshima kujinyanyua wimbo ukiendelea, waliusikiliza wamelala. Halafu kulikuwa na itifaki. Ni mwiko mtu kumpa mgongo Mtukufu, na jukwaa lake lilikuwa nyuma ya goli la kusini. Kwa hiyo vijana wetu walipokuwa wakishambulia goli la kaskazini, ilibidi waende kinyumenyume, nyuso zao zikitabasamu kuelekea jukwaani, huku wakibahatisha goli liko wapi. Katikati ya uwanja palikuwa na zulia jekundu lenye kiti cha Kanali, na mara nyingi mashambulizi yetu yaliishia kwenye zulia hilo.

Tulifungwa. Mechi ya pili tukafungwa zaidi. Adui alipokuja kwa kasi, kifua mbele, Bwire alisogea pembeni na kuinamisha kichwa kidogo.

"Bwire, ndugu yangu," Ndaro alimwambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwa upole, "mbona unawapisha?"

Bwire alikuwa ameketi na mapedi yake makubwa ya kujikinga, hatazami mtu. "Si mimi, Nahodha. Mwili wenyewe unapisha. Nikishtuka, naona nimeshasema karibu."

Nje, Kanali alikuwa akiwaeleza waandishi wa habari kwamba hatukufungwa. "Tumewaruhusu wageni wafunge," alisema. "Ukarimu ni utamaduni wetu." Maneno yake yakaandikwa kwa herufi kubwa. Ndaro akaanza kurudi nyumbani kwa njia za uani, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Akiitwa kupaka rangi nyumba ya mtu, alifika mapema kabla wenye nyumba hawajaamka vizuri, akapaka akiwa ameelekea ukutani.

Hapo ndipo ilipokuja ile timu kutoka nchi za baridi, kwa mwaliko wa Mtukufu mwenyewe.

Uwanja ulijaa, maana wanafunzi na watumishi wote wa serikali waliombwa kufika kwa hiari na majina yao yakahakikiwa mlangoni. Wageni walikuwa watu wakubwa, nahodha wao ana ndevu za rangi ya mahindi makavu. Walianza kwa adabu. Wakafunga. Wakafunga tena. Ubao wa matokeo wa uwanja wetu ulikuwa na nafasi ya tarakimu moja tu kwa kila timu, kwani aliyeuagiza hakuona sababu ya kuhamasisha tamaa. Ulipofika tisa, ukarudi sifuri. Wageni wakafunga mpaka ukafika tisa mara ya pili.

Kipindi cha mwisho, kitu kikabadilika. Wageni walipunguza mwendo. Walikuwa wakitazamana. Mmoja wao alimnyanyua beki wetu aliyeanguka, akamfuta barafu magotini kama mtu anayemfuta mtoto. Wakafunga bao moja zaidi, kwa bahati mbaya kabisa. Kisahani kilijigonga kwenye mguu wa Bwire kikaingia chenyewe, na aliyekipiga akashika kichwa kwa masikitiko. Ubao ukaandika sifuri.

Halafu yule nahodha mwenye ndevu akamfuata Ndaro. Ndaro alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea goli la kaskazini, ametabasamu kwa mujibu wa itifaki, jasho linamtiririka. Akahisi kitu kimegusa gongo lake. Kisahani. Yule mtu alikuwa amekiweka pale, taratibu, akamshika Ndaro bega akamgeuza kidogo ili amwelekeze. Ndaro akatazama nyuma kwa jicho moja. Golikipa wa wageni alikuwa amesogea pembeni. Amesimama kando ya wavu, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea ndani, kama bwana wa arusi anayekaribisha watu kwenye pilau.

Ndaro alielewa kila kitu. Alitaka kukiacha kisahani pale kilipo. Lakini mguu uliteleza, gongo likasogea, na kisahani kikaenda polepole, kikijivuta, kikapita chini ya mkono ule ulionyooshwa, kikaingia.

Kulikuwa na kimya kifupi. Kisha uwanja mzima ukalipuka.

Filimbi ikapulizwa. Ubao ulisomeka: Neemani moja, Wageni sifuri.

Mtukufu alisimama, akashuka, akamkumbatia Ndaro. Kesho yake ikatangazwa sikukuu. Mheshimiwa Pazia alisema redioni kwamba tumewashinda mabingwa wa dunia kwenye barafu yao wenyewe, na alipokumbushwa kwamba barafu ilikuwa yetu, akasema ushindi basi ni mara mbili. Wataalamu wa chuo kikuu wakaandaa kongamano kuhusu mbinu ya kushambulia kinyumenyume. Kanali akapandishwa mshahara, ingawa alikuwa amestaafu. Mtaa wa Vichochoroni ukabadilishwa jina ukaitwa Mtaa wa Bao, bila umeme kurudi.

Ndaro alipitishwa mjini juu ya gari la wazi. Watu walipunga mikono, wakaimba jina lake. Yeye alikuwa amejishika chuma cha gari kwa mikono miwili, uso ameuinamisha, na watangazaji wakasema shujaa anatafakari.

Nyumbani, Zawena alimpakulia chakula. Ndaro akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Zawena, lile bao nilipewa."

"Kwani nilikuwa nimelala?"

"Uliona?"

"Nani hakuona? Mama Sijali wa jirani haoni vizuri hata mbele ya miguu yake, na yeye aliona. Yule mzungu alikushika bega kama anakuvusha barabara."

"Sasa mbona mlishangilia?"

Zawena akaweka mwiko chini. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujua imwendee nani. "Ulitaka tufanye nini, Ndaro? Tunyamaze? Ukimya ule uliusikia? Kila mtu alikuwa anatazama miguu yake. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu mmoja akapiga makofi, nasi sote tukamshukuru Mungu, tukapiga. Tukapiga kwa nguvu ili tusisikiane." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Nimevumilia kukaa gizani. Nimevumilia friji limegeuka kabati la viatu. Lakini leo watoto wamerudi kutoka shule wameambiwa baba yao ni shujaa, na mwanao mkubwa ameniuliza, mama, shujaa ni mtu anayepewa? Nikamwambia ale ugali wake."

Ndaro hakumaliza chakula. Usingizi wake ukawa wa vipande vipande tangu siku hiyo.

Akaamua kusema ukweli. Alipoitwa kwenye mkutano wa hadhara kupokea nishani, alishika kipaza sauti, akasema, "Ndugu wananchi, mimi sikufunga. Wale wageni walituonea huruma. Nilipewa."

Mheshimiwa Pazia akakichukua kipaza sauti kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. "Mmesikia unyenyekevu huo?" akauliza. "Shujaa wa kweli anasema amepewa! Amepewa na nani? Amepewa na Mtukufu, aliyetupa uwanja, aliyetupa barafu, aliyetupa jua la kuiyeyusha!" Makofi yakapigwa. Wiki iliyofuata "Nilipewa" ikaandikwa kwenye mabango ya njia zote kuu, pamoja na picha ya Ndaro ameinamisha kichwa.

Kuanzia hapo hakujaribu tena kusema.

Mwaka ulipokaribia kutimia, wizara ikatoa maelekezo ya maadhimisho. Bao litapigwa upya mbele ya Mtukufu. Safari hii litapigwa kwenye goli la kusini, chini ya jukwaa, ili Mtukufu aone vizuri. Na kwa kuwa wageni walijibu mwaliko kwa kusema wana kazi nyingi, nafasi ya golikipa wao itachukuliwa na Bwire. Kanali Machupa aliwakusanya kwenye stoo ya sabuni kuwapa maelekezo.

"Nahodha, utapiga polepole, kwa heshima. Golikipa, utasogea pembeni."

"Hilo naliweza, Kanali," akasema Bwire kwa sauti ndogo.

"Tunajua. Ndiyo maana umechaguliwa."

Wenzao walipoondoka, Ndaro alibaki. Bwire alikuwa amechuchumaa akikausha soksi zake.

"Bwire, nakuomba jambo."

"Sema, Nahodha."

"Siku hiyo usinipishe."

Bwire alicheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. "Unataka nizuie?"

"Nataka tucheze. Mara moja tu, tucheze kweli. Mimi nitapiga kwa nguvu zangu zote. Wewe uzuie kwa nguvu zako zote. Likiingia, nitakuwa nimefunga bao moja maishani mwangu. Nitakwenda nyumbani nimwambie mwanangu nimefunga."

"Na lisipoingia?"

"Utakuwa umedaka."

Bwire alizungusha soksi mikononi. "Nahodha, mimi sijawahi kudaka hata kimoja. Mke wangu akinitania nyumbani hunirushia ndimu, nami naiepuka. Na wewe unajua watanifanya nini? Pale mlangoni wizarani kuna watu kumi wanausubiri mlango wangu."

"Najua. Hata mimi nina watoto. Ukipisha sitakulaumu."

"Nikipisha," Bwire alisema polepole, "hutalala tena."

"Silali hata sasa."

Hawakupeana mkono wala kuahidiana. Kila mtu akashika njia yake.

Siku ya maadhimisho uwanja ulipambwa kwa bendera. Mtukufu alikuwa jukwaani, Mheshimiwa Pazia kulia kwake, na Kanali kwenye sofa lake juu ya zulia, amejifunga shali tatu. Bendi ikapiga, ikanyamaza. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa taifa litashuhudia tena tukio tukufu.

Ndaro alisimama na kisahani mbele yake. Kwenye goli, Bwire alikuwa kitu kama godoro lenye macho. Ndaro hakuweza kusoma chochote katika macho yale. Akavuta pumzi, akateleza mbele, miguu ile mizito ikapata mwendo ambao haikuwahi kuupata. Akainua gongo akapiga.

Waliokuwa karibu wanasema kisahani kililia hewani. Hakikuwa cha polepole, hakikuwa cha heshima. Kilikwenda juu, kona ya kushoto, mahali ambapo hata golikipa wa wageni angepata taabu.

Bwire aliruka. Godoro lile zima lilipaa, mkono wa glavu umenyooka, likatua juu ya barafu kwa kishindo, likajiviringisha likatulia.

Hakuna aliyejua kisahani kiko wapi. Wavu haukutikisika. Kisha Bwire akaufungua mkono, akatazama ndani ya glavu, akakaa vile vile akitazama, kama mtu aliyeokota kitu njiani asijue ni cha nani.

"Nimedaka," alisema. Mara ya pili akapiga kelele, "Nahodha, nimedaka!" Machozi yakamtoka hadharani, mbele ya taifa.

Ndaro akaenda akapiga magoti, akamkumbatia pamoja na mapedi yake yote.

Jukwaani, Mtukufu alimgeukia Waziri. "Hilo ni bao?"

Mheshimiwa Pazia aliruka kutoka kitini. Alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alisema, "mlichokiona bado hakijatokea. Kitatokea sasa hivi. Rudieni!"

Ndaro akasimama. "Samahani, Mheshimiwa. Nimeshapiga."

"Na mimi nimeshadaka," akasema Bwire kutoka chini.

Hakuna aliyepiga makofi. Wala hakuna aliyetazama miguu yake. Maelfu ya watu walikuwa wakiwatazama watu wawili barafuni, na watu wale wawili wakiwatazama wao. Mheshimiwa Pazia akaagiza umeme uzimwe kwa sababu za kiufundi, na sherehe ikaahirishwa.

Uamuzi haukuchelewa. Bwire alifukuzwa mlangoni wizarani kwa kosa la kumzuia shujaa wa taifa. Ndaro alivuliwa unahodha na nishani kwa kosa la kukosa, na mabango ya picha yake yakapakwa chokaa; kazi hiyo ya kupaka alipewa fundi mwingine, mbaya. Timu ikavunjwa, na taifa likaarifiwa kwamba mchezo wetu wa asili ni mieleka ya majini. Kanali Machupa aliteuliwa balozi katika nchi za baridi, ambako tunaambiwa anaendelea na mafua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile ile, katikati ya mkanganyiko, Ndaro na Bwire walitoka uwanjani kwa mlango wa mbele. Bwire alikuwa bado na mapedi, Ndaro ameshika viatu vya visu mkononi, jua linawachoma. Hawakupita njia za uani. Walipita barabara kubwa ya Mtaa wa Bao, na kila mtu waliyempita alijua. Hakuna aliyeimba jina, hakuna aliyepunga mkono. Ndaro alijisikia shingo inataka kuinama kwa mazoea.

Penye kona, mama mmoja alikuwa amekaa nyuma ya karai akikaanga mihogo. Aliwatazama kuanzia miguuni hadi usoni, jasho lao na magoti yao yaliyolowa, akageuza mhogo mmoja kwenye mafuta.

"Poleni na kazi," akasema.

Ndaro alisimama. Katika muda wote ule alioichezea nchi, hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

"Tumeshapoa, mama," akajibu.